Kati ya Milango Miwili

Alikuja katika zamu yangu, saa tisa usiku wa kituo,
usiku tunaoutengeneza wenyewe kwa kupunguza taa,
maana tangu yeye apite hapa hatuna jua la kuzama.

Chombo chake kilikuwa kimebonyea kama debe.
Kioo kikaniletea uso. Nikaujua:
ulichapwa kwenye sarafu zetu kabla hatujaziyeyusha.
Orvemar Thesk, Mzima-Nyota.

Lugha ina mzaha wake mbaya.
Mzima ni yule aliyezima,
na mzima ni yule aliye hai, hana hata mkwaruzo.
Miaka kumi na tisa alikuwa yote mawili.

Nilimfungulia mlango wa nje tu.
Akaingia kwenye chumba cha hewa,
kijichumba tunamosubiri kupimwa homa na kutu,
mlango umefungwa mbele yake, mlango umefungwa nyuma yake,
na kidole changu juu ya kitufe chekundu,
kile kinachorudisha kila kitu kwenye utupu.

"Sikuja kuomba radhi," akasema.
"Afadhali," nikamjibu. "Imetuishia, pamoja na sukari."

Akafungua vifungo vya kifua. Chini ya ngozi
mwanga ulikuwa ukizunguka, ukigonga mbavu, ukirudi.
Jua letu. Masalia yake.
"Nipasueni," akasema. "Litawatosha msimu mmoja, pengine miwili.
Mimi nitakuwa nimekufa, nanyi mtakuwa mmelipwa."

Alikuwa analia. Niliyakuza machozi yale kwenye kioo
mara nane, mara kumi na sita,
nikitafuta ufa wa unafiki.
Sikuuona.
Na hapo ndipo nilipokasirika.

Kwa sababu kuna ukweli unaomfaa msemaji peke yake.
Kufa ni kazi ya dakika mbili.
Nimewaona waliolipa kwa kufa:
wao walipumzika, sisi tukabaki tumeshika risiti.

"Wataje," nikamwambia.

Akaanza. Bila karatasi, ngazi kwa ngazi,
wahunzi wa Ilsaveh, wakunga, watoto wa darasa la pili
kwa mpangilio wa madawati yao.
Alitaja mpaka midomo ikapasuka.
Akafika kwa Dalasko, akasema: "Nemura."

"Nemuri."
"Nemura."
"Nemuri. Mwishoni kuna i. Alikuwa mdogo wangu,
na alikuwa hapendi kukosewa."

Akalirudia. Mara ya sita likatoka sawa,
na ule mwanga kifuani ukasimama kidogo,
kama mtu aliyesikia anaitwa.

Majuto ni mjukuu, tunasema.
Huyu hakuwahi kupata mtoto,
lakini mjukuu alikuwa amempata,
amemkalia magotini, mzito, hateremki.

Niliondoa kidole kwenye kitufe chekundu.
Sikukiweka kwenye cha kijani.

Kwenye kidirisha cha chakula nikampitishia
ndoo, brashi, na chujio la hewa namba nne, limeota ukungu.
"Sugua. Kesho kuna la tano. Yako mia mbili na kumi,
na ukimaliza la mwisho, la kwanza litakuwa limechafuka."
"Na mwanga?"
"Utautoa kijiko kwa kijiko. Ukiwa hai.
Ukitutazama tukiutumia kuchemshia maji."

Akauliza kama mlango wa ndani utafunguka siku moja.
Sikumjibu. Ufunguo ule ni wa watu elfu tatu,
na wengi wao asubuhi wataniita msaliti.
Pengine watakuwa sahihi.

Naisikia brashi. Inasugua, inakoma, inasugua.
Na chini ya brashi, kwa sauti ya mtu asiyejua nasikiliza,
anajifunza irabu moja:
Nemuri. Nemuri. Nemura,
hapana.
Nemuri.